Kulala na gari kaskazini mwa Pemba wakati wa kipupwe: wapi, na kwa idhini ya nani?

Mkaazi wa Fuoni
Assalaamu alaykum ndugu zangu. Skuli zitakapofungwa katikati ya mwaka nimekusudia kuivusha gari yangu kwa meli kutoka Unguja mpaka Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba, kisha nipande nayo hadi Konde, Msitu wa Ngezi na Ras Kigomasha, pamoja na mke wangu na watoto wawili. Tungependa kulala siku mbili tatu pwani ya Vumawimbi, watoto ndani ya gari na sisi kwenye hema, kwa sababu nataka wanangu waujue usiku usiokuwa na taa. Gari ni ndogo na iko chini. Je, njia inapitika, na nani wa kumuomba idhini?

Mtu wa Konde
Waalaykum salaam, na karibu kwetu. Umechagua wakati mzuri, maana tope la masika huwa limeshakauka na mbu wamepungua, ingawa usiku upepo wa kusi unatia baridi na watoto watahitaji mashuka mazito. Mpaka Konde hutopata tabu. Baada ya hapo njia ya udongo inapita ndani ya msitu wenyewe, nayo gari ndogo huiweza ikiendeshwa taratibu, lakini ukikaribia pwani mchanga unakuwa laini, hivyo iwache gari palipo na udongo mgumu na mizigo muibebe.

Idhini ni kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia (mtaa au kijiji), na naomba usilichukulie jambo hili kuwa dogo. Sheha ndiye anayepaswa kujua kila mgeni anayelala katika shehia yake, na mtu akiona hema usiku bila ya kuwa na habari, haki yake ni kutia shaka. Fika mapema, mchana, ujitambulishe na familia yako. Ndani ya msitu msilale. Simameni kwenye ofisi ya hifadhi, mlipe kiingilio na muulizie matembezi ya usiku. Watoto watawaona komba, na wakibahatika watamsikia yule bundi mdogo wa Pemba ambaye, kama alivyo popo wetu mkubwa, hapatikani pahala pengine duniani.

Msafiri wa Wete
Naongeza la maji, kwa sababu lilinifika mimi mwenyewe. Nilipiga hema Vumawimbi usiku wa mwezi mpevu, juu kidogo ya alama ya mwani niliyoiona jioni, nikadhani hapo maji hayafiki. Saa kumi alfajiri niliamshwa na ubaridi mgongoni: jamvi lilikuwa limeloa, na kiatu kimoja cha mwanangu kinaelea mlangoni mwa hema. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na la alfajiri linaweza kulipita lile uliloliona ukiwa macho. Kwa hiyo ndugu yangu, hesabu mwezi kabla ya kukata tiketi ya meli. Ukiweza, njoo wakati wa maji mafu, yaani maji madogo ya nusu mwezi, na hata hivyo piga hema nyuma ya vichaka, penye majani makavu, wala usiifuate ile alama ya mwani.

Mkaazi wa Fuoni
Nimefaidika sana, Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Nimetazama kalenda na nimeisogeza safari kwa wiki moja. Maji ya kunywa na mafuta je, nichukue tokea mji wa Chake Chake?

Mtu wa Konde
Jaza tangi Chake au Wete, na maji chukueni madumu ya kuwatosha kunywa, kupika na kutawadha, kwani pwani pale hakuna bomba. Mwendo wenu uwe wa pole, hasa mkikuta mavuno yameshaanza, kwa sababu watu huanika karafuu kwenye majamvi pembeni mwa barabara. Gurudumu likipita juu yake, mmemharibia mtu jasho la siku nyingi.