Nina laki tisa: nilipe ada ya kozi ya grafiki au ninunue kompyuta?

Mwana wa Tandika:
Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi. Nimemaliza kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Shuleni mabango yote ya mahafali nilichora mimi. Mjomba kanipa laki tisa, kasema nisirudi tena. Kuna chuo hapa mjini wanaitaka yote kwa kozi ya miezi sita. Nikiwalipa, sina kompyuta. Nikinunua kompyuta, sina cheti, na baba anasema nitaishia kucheza gemu. Nifanyeje?

Mzee wa Wino:
Marahaba. Mimi mchapaji, Kariakoo. Kijana akileta kazi siulizi cheti, nafungua faili. Shida huanzia hapo. Kadi imetengenezwa kwa rangi za kioo cha simu au kompyuta: nyekundu, kijani na bluu. Mashine inatumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Ile bluu iliyokuwa inawaka kwenye simu inatoka imepauka kama khanga iliyosahaulika kambani, na mteja anataka hela yake. Mwingine nembo kaitoa WhatsApp. Tukiikuza iwe bango inakuwa vigae vitupu. Nembo ichorwe kwa vekta, yaani kwa mistari inayokokotolewa, siyo vidoti vya picha; hata ukiifunika daladala nzima haivunjiki. Na rangi ivuke ukingo wa kadi, milimita 3 za kukatia kila upande! Tafuta karakana, omba ukae meza ya kukatia wiki mbili, hata bure.

Nuru wa Sinza:
Mzee, hayo ya wino anayashika upesi. Jicho ndilo linalochelewa. Dogo, chukua tangazo lolote, lichore upya, ujiulize kwa nini bei imekaa pale na nafasi tupu imeachwa ya nini. Fonti, yaani mitindo ya herufi, mbili zinatosha kwenye kadi! Programu za Inkscape (ya kuchora vekta) na GIMP (ya kuhariri picha) ni za bure, anza nazo. Cheti utakihitaji ukiomba ajira serikalini, sikudanganyi. Ila kabla ya kulipa, waambie wakuoneshe kazi za waliohitimu. Wakikuonesha picha za majoho, ondoka.

Mama Harusi:
Mie mteja tu. Kadi zangu zilitoka nzuri, zimeandikwa "mnakaribishwa kwenye halfa". Zote 150. Mwanangu, hicho Kiswahili cha HKL usikitupe.

Mwana wa Tandika:
Hahaha, pole mama. Basi natafuta kompyuta ya mtumba, hela itakayobaki naificha. Mzee, naweza kuja kwako?

Mzee wa Wino:
Nitumie ujumbe. Jumatatu saa mbili asubuhi, na usivae shati jeupe.