Mpwa wangu kakatazwa kuvua mtoni Uingereza, na samaki anaambiwa arudishe majini. Imekaaje hii?

Mjomba_wa_Busia
Habari zenu wazee na vijana wa humu. Mimi niko Busia upande wa Uganda, mambo ya samaki nimezaliwa nayo, babangu alikua na mtumbwi pale Majanji. Sasa nina mpwa wangu, mtoto wa dada, anasoma Leicester mwaka wa pili huu. Mwezi wa nne akanunua fimbo ya kuvulia na ile mashine ya kuzungushia mshipi, jumamosi asubuhi akashuka mto Soar, hata nusu saa haijaisha akatokea mzee mmoja mzungu na mbwa wake akamuuliza kwa upole, una laisensi? na unajua saa hii mto umefungwa? Kijana akaona ni ubaguzi tu, akakusanya vitu vyake akaondoka. Usiku akanipigia, sauti imeshuka kabisa, "mjomba nimefukuzwa mtoni". Iliniuma sana.

Lakini tena anasema yule mzee alimpa karatasi ya klabu yao akamwambia mwezi wa sita njoo tuvue wote. Sasa mimi sielewi. Mto unafungwaje jamani? Laisensi ya serikali halafu tena kadi ya klabu, mtu analipa mara mbili kwa samaki huyo huyo? Na huyo samaki ukimpata unamrudisha? Aliyeishi kule anifafanulie, sitaki nimpe mtoto ushauri mbovu.

Salongo_Jinja
Ndugu yangu pole kwa kijana, ila mwambie atulie, yule mzee kamwokoa. Mimi nimekaa Nottingham miaka 11, nilikua mwanachama wa klabu inayovua mto Trent na viziwa viwili vya changarawe, kwa hiyo haya nayajua kwa kuyaishi.

Kwanza kufungwa. Mito ya Uingereza inafungwa kwa uvuvi wa samaki wa kawaida wa maji baridi, yaani rochi, bremu, paiki, karpu na wenzao, hao wasio salmoni wala trauti, kuanzia 15 Machi mpaka 15 Juni. Ndio wakati wanataga. Tarehe 16 Juni kule ni kama sikukuu, watu wanalala ukingoni usiku wanangoja saa sita igonge ndio watupe ndoana. Sheria ya kufunga ni ya zamani, tangu 1878. Viziwa vingi havifungwi tena, vilifunguliwa 1995, lakini klabu inaweza kufunga chake ikitaka, asome kitabu cha kanuni kabla hajatoka nyumbani.

Pili laisensi. Hiyo ni ya serikali, inatolewa na Environment Agency, kila mwenye miaka 13 kwenda juu lazima awe nayo, wa 13 mpaka 16 hawalipi lakini lazima waichukue. Inanunuliwa kwa simu au intaneti dakika tano, ipo ya siku 1, siku 8 na mwaka. Ukikamatwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500. Ila hiyo laisensi inakupa ruhusa ya kutumia fimbo tu, HAIKUPI maji. Maji yana mwenyewe. Mwenye shamba la ukingoni ndiye mwenye haki ya kuvua mpaka katikati ya mto, na klabu inakodi hiyo haki kwake. Ndio maana ya kadi ya pili. Klabu nyingine zinauza tiketi ya siku, kijana aanze na hiyo asikimbilie ada ya mwaka.

Na ile ada unaiona inakoenda. Kuna siku za kazi, jumapili wanachama tunakuja na mabuti na misumeno, tunakata matawi, tunatoa magugu, tunapiga mbao upya pale pa kukalia. Mimi mweusi peke yangu mule, mwaka wa kwanza nilikua nashika tu chai, wa pili wakanipa msumeno. Kuhusu laisensi wanamuuliza kila mtu, hata mimi niliulizwa na mlinzi wetu ambaye jana yake tulikunywa naye chai.

Pakwach_Boy
Mi naona ni kutesa kiumbe bure. Samaki ni kitoweo. Unamtoboa mdomo, unapiga picha, unamrudisha, halafu kesho unamtoboa tena? Hapa Pakwach mtu akifanya hivyo watu watauliza ana shida gani nyumbani.

Mzee_wa_Sio
Kijana wa Pakwach nakusikia, ila hebu nikukumbushe kitu. Unamjua samaki anaitwa ningu? Najua wengi humu mmemsikia tu kwa wazee. Zamani mvua ikianza ningu wanapanda mto kutoka ziwani, wamejaa mayai, mto Sio huu, Nzoia, Kagera, wanapanda kwa maelfu. Babu zetu walikua wanawatega kwa mitego ya kufuma, wengine wanapita. Zikaja nyavu za nailoni watu wakazinyoosha pale pale mdomoni mwa mto, kila mwenye mayai akanasa kabla hajataga. Ningu akaisha, na hilo lilitokea hata kabla sangara hajaenea ziwani, msimsingizie sangara kwa kila kitu. Mimi nikiwa mdogo mamangu alikua akipata ningu mmoja wa moshi anamgawa vipande vidogo kama dawa. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna nchi mto unafungwa miezi mitatu samaki watage, mimi namwambia hao wameelewa kitu tulichokosa sisi.

Salongo_Jinja
Asante mzee, hapo umesema.

Pakwach ndugu yangu, swali lako ni la haki, hata mimi nilianza hivyo hivyo. Sheria ya mtoni kule inakuruhusu kuchukua wachache kwa siku, wadogo 15 wasiozidi sentimita 20, na paiki mmoja asiyezidi 65, lakini klabu nyingi zinasema hakuna kuchukua kabisa. Kwenye kiziwa bila ruhusa ya mwenye maji ni marufuku. Na kuhusu kutesa, ngoja nikueleze jinsi nilivyofundishwa. Ndoana haina kile kijino cha ndani, inatoka kirahisi. Unalowesha mikono kwanza, sababu mkono mkavu unatoa ule ute unaomkinga samaki. Ukingoni unatandika kigodoro chenye maji, samaki haguswi na changarawe.

Kuna samaki wanaita babeli, ana ndevu nne, ni wa ukoo mmoja na kisinja wetu wa huku Nile. Huyo anapigana mpaka anaishiwa nguvu. Ukimtupa tu majini anageuka tumbo juu anakufa. Kwa hiyo unapiga magoti ndani ya maji, unamshika chini ya tumbo, kichwa kiangalie mkondo unakotoka, unangoja. Nimewahi kungoja dakika kumi na baridi ile mpaka vidole havisikii. Unaona mashavu yanafunguka taratibu, halafu unasikia mkia unakusukuma mkononi, anajiondokea mwenyewe. Nilimshika babeli mmoja mwenye kovu kwenye pezi la mgongo, msimu uliofuata rafiki yangu akampata yule yule, kovu lile lile, kaongezeka uzito.

Mjomba_wa_Busia
Wazee asanteni mno. Nimempigia mpwa wangu leo nikamsomea yote haya, ya ningu yamemgusa kwa sababu bibi yake alikua akimsimulia. Laisensi ameshanunua nikiwa kwenye simu. Mtoni atangoja 16 Juni, ila jumamosi hii anaenda na tiketi ya siku kwenye kiziwa cha ile klabu, yule mzee kamwambia aje na mkate na mahindi ya kopo, funza atamgawia yeye. Salongo swali moja la mwisho, kiziwani kama hakuna upepo, boya aanze na zito au jepesi?

Salongo_Jinja
Jepesi kabisa, na vizito vidogo vidogo vya mshipi visivyo vya madini ya risasi, vile vya zamani walipiga marufuku 1987 kwa ajili ya mabata maji. Apime kina kwanza, chambo kiguse chini kidogo tu. Na avae soksi mbili.