Ndege ya mkubwa: kununua, kukodi au kupanda na watu? Nahitaji hoja kabla ya Jumamosi

Maalim wa Wete
Assalaam alaykum wanabaraza. Skuli yetu ina mdahalo Jumamosi huko Unguja, na vijana wangu wa kidato cha nne wametakiwa wachague upande kufikia kesho. Mada ni ndege ya kiongozi wa nchi: inunuliwe, ikodiwe, au kiongozi apande ndege ya shirika na abiria wengine? Pande tatu, na sisi ndio wa mwanzo kuchagua. Nyinyi mngeshika upi? Naomba hoja zenye namba, za kupiga meza tunazo.

Bi Mkarafuu
Waalaykum salaam Maalim. Rais yupi? Wa Muungano au wetu wa Zanzibar? Na safari ya wapi? Anayekwenda Dodoma na anayekwenda New York hawapandi chombo kimoja. Kisha hiyo ya kununua, mpya au iliyotumika? Umeingia dukani umesema "nipe nguo", muuzaji atakupimia nini?

Kijana wa Jang'ombe
Apande na watu, kwisha. Magufuli urais wake wote hakutoka nje ya Afrika, na nchi haikusimama.

Nahodha Mstaafu
Kutosafiri ni jambo moja, kupanda na watu ni jambo jingine, mwanangu. Hizo safari chache alizokwenda hakukaa kiti cha katikati kati ya mama na mtoto.

Fundi Kisauni
Miaka yangu mingi nimeimaliza chini ya matumbo ya ndege, kwa hiyo niwachie niseme kidogo. Mnashughulika na mahari, matumizi ya nyumba hamyatazami.

Ile Gulfstream G550 ya serikali, iliyokuja enzi za Mzee Mkapa, inatajwa kuwa ilikula zaidi ya dola milioni 40. Hiyo ndiyo mahari. Ni ndege nzuri, sikatai, inakwenda kilomita elfu 12 bila kutua, Dar mpaka London na mafuta yanabaki. Lakini ikishafika nyumbani hesabu ndiyo inaanza. Rubani mmoja hatoshi, wala wawili hawatoshi, maana saa zao za kazi zina mpaka na mkubwa anaweza kuitaka usiku wa manane. Marubani hao kila mwaka lazima wakafanyiwe mtihani kwenye mashine ya kuigiza urukaji, na mashine hiyo haipo Malindi, iko ng'ambo. Bima ipo, banda lipo. Tena kuna vipuri vinavyohesabiwa kwa tarehe, si kwa safari. Mpira wa kuzibia mafuta haujui kama mkubwa alisafiri au alilala kwake. Tarehe ikifika unatolewa, mwengine unatiwa, na bei yake mtu wa kawaida akiiona anadhani wamekosea sifuri.

Na hapa petu kuna chumvi. Ndege ikilala nje wiki moja tu karibu na bahari, pitisha kidole kwenye ukingo wa bawa kisha ukilambe.

Jengine nililolishuhudia kwa macho. Jeti ya wageni wakubwa imeegeshwa uwanjani, mwenyewe yuko mkutanoni mjini, na kile kijiinjini cha mkiani kinanguruma saa mbili nzima ili kiyoyozi kisizimike. Mafuta yanaungua, na ndani hamna mtu ila mhudumu anapanga vikombe.

Kijana wa Jang'ombe
Si ndiyo hiyo tulioambiwa hata kama ni kula nyasi itanunuliwa? Mpaka waziri wao Clare Short akapiga kelele kule Uingereza, wakarejesha pesa, skuli zikanunuliwa vitabu.

Nahodha Mstaafu
Umetia mtindi kwenye mchuzi wa pweza. Maneno ya nyasi yananasibishwa na waziri wa fedha wa wakati ule, nayo ni ya ndege, sawa. Clare Short kelele zake zilikuwa za rada tuliyouziwa na kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Pesa iliyorejeshwa, pauni milioni 29.5, ni ya kesi ya rada. Ndege hakuna aliyeirejeshea hata thumni.

Kijana wa Jang'ombe
Yote si yaliruka angani?

Nahodha Mstaafu
Rada hairuki, yakhe. Rada inakaa chini inatazama.

Bi Mkarafuu
Chenji ya rada! Jina hilo nilikuwa nishalisahau. Ilinunua vitabu na madawati. Na huku kwetu vilifika vingapi? Mwenye kujua aseme.

Mpenda Habari
Hilo la mgao fungulieni uzi wake, tutakesha. Maalim, mwambie kijana wako aanze na Meksiko, hakimu atakaa sawa kwenye kiti. Walinunua Boeing 787 ya rais kwa kiasi cha dola milioni 218. Akaingia rais mwengine, López Obrador, akakataa kuipanda, yeye akawa anasafiri na ndege za abiria. Ikapelekwa California kuuzwa, ikakaa haina mnunuzi. Mwaka 2020 wakaitilia bahati nasibu, na bado mshindi hapewi ndege, anapewa pesa! Mwisho Tajikistani wakaichukua 2023 kwa kama dola milioni 92.

Na jirani yetu Malawi, Joyce Banda aliiuza jeti ya rais 2013 kwa dola milioni 15. Watu wakafurahi, kisha wakaanza kuulizana pesa zenyewe zimekwenda wapi.

Mama Hafla
Mimi nasema inunuliwe, na sababu nitakupeni, mnivumilie.

Mdogo wangu aliolewa Konde, sisi kwetu Mtambile. Yaani mpite Chake, mpite Wete, ndio mfike. Tukakodi Coaster mbili wiki tatu kabla, nusu ya pesa mkononi mwa mwenyewe. Siku ya siku, saa 8 mchana, tumeshavaa sare, hina bado mbichi, imekuja Coaster moja. Ya pili tunaipigia, simu inaita tu. Saa 9 na nusu mtu kapokea, sauti laini kama halua: "Dada samahani, ile gari imepata watalii."

Hebu fikiri. Watu karibu thelathini wamesimama barazani na masinia. Mjomba akakimbia njia kuu akarudi na keri iliyokuwa inabeba mchanga. Tukaifagia, tukatandika mikeka mitatu, shangazi yangu wa miaka sabini na ushei akawekwa mbele na sinia la halua mapajani, sisi nyuma tumeshikana viuno. Kufika njia ya Kinyasini mvua ya vuli hiyo! Tumeingia kwa wakwe sare zimeganda mwilini, mchanga mpaka kwenye meno. Shemeji yangu hata leo akitaka kunichokoza huuliza ile halua tuliipika na kokoto za wapi.

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mkubwa wa nchi akiambiwa "ndege imepata watalii" tutaficha wapi uso?

Bi Mkarafuu
Pole shoga, nimecheka na machozi yamenitoka. Lakini wewe harusi moja kwa miaka kumi, ungenunua basi? Ingekaa uani ikaota kutu, ungelia zaidi.

Fundi Kisauni
Bi Mkarafuu kanena. Kinachoamua ni saa za kuruka kwa mwaka. Zikiwa nyingi, nunua. Zikiwa chache, kodi, kwa mkataba wenye faini kali, si kwa "dada samahani".

Mpenda Habari
Kukodi nako kuna fitna zake. Ruto alikwenda Marekani Mei 2024 na jeti ya kukodi, Kenya nzima ikawa inapiga hesabu. Yeye akasema haikufika shilingi milioni 10 za kwao. Waliosadiki wakasadiki. Jeti ya kukodi swali lake ni moja: nani kalipa, na anataka nini?

Kijana wa Jang'ombe
Ndio nasema apande ATCL, shirika letu la ndege! Ndege za kwetu wenyewe, Dreamliner ipo tangu 2018. Kiti cha mbele, walinzi wawili, bismillah.

Fundi Kisauni
Walinzi wawili? Hesabu tena. Na ATCL ni mpangaji. Ndege zile zinamilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, wale wale wanaorusha viongozi, shirika linakodishiwa tu. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kalieleza hilo zaidi ya mara moja.

Mama Hafla
Kumbe hata serikali inakodi kwa serikali.

Nahodha Mstaafu
Na mnasahau Agosti 2019. Airbus ya ATCL ilizuiliwa Johannesburg kwa kesi ya mdai mmoja wa zamani. Iliachiwa Septemba, lakini nipigieni picha rais yumo ndani, kafunga mkanda, na karani wa mahakama anapanda ngazi na karatasi.

Kijana wa Jang'ombe
Ndege ya rais mwenyewe haizuiliwi?

Nahodha Mstaafu
Ya shughuli za dola ina kinga yake, ya biashara ndiyo inayoshikwa. Muulizeni wakili, mimi mtu wa bahari. Kwangu viongozi wakija Pemba wapande MV Mapinduzi, waone bahari ya Nungwi wakati wa kusi. Wakishuka Mkoani watakuwa wanyenyekevu.

Bi Mkarafuu
Watashuka wamebebwa.

Maalim wa Wete
Ahsanteni, nilikuwa darasani. Majibu: rais ni wa Muungano, safari zote, za ndani na za nje. Mpya au iliyotumika mada haikusema, na kwa kweli sikuwahi kufikiri. Vijana wangu watatu wanataka kununua kwa sababu ya heshima ya nchi, mmoja anataka kukodi kwa sababu baba yake ana gari za kukodisha, wawili wako na Kijana wa Jang'ombe. Habari ya mpira wa mafuta nimewasomea, wamenyamaza wote.

Sasa na mimi nina mdahalo wangu. Watoto 6 na mwalimu 1, kutoka Wete mpaka Unguja, Ijumaa. Skuli imetoa pesa ya boti, kwenda tu. Mzazi mmoja anasema tupande kile kindege cha propela kutoka Chake, wafike hawajatapika.

Nahodha Mstaafu
Boti. Tangawizi mbichi watafune kabla ya kupanda, wakae chini na nyuma, siyo mbele.

Fundi Kisauni
Na kurudi?

Maalim wa Wete
Kurudi bado tunachangisha.

Pwani Mchangani
Nimepita tu. Maalim, kama mnataka Coaster ya kuwatoa Wete mpaka bandarini Mkoani, nina namba ya mtu, bei yake nzuri, anachukua nusu kwanza.

Mama Hafla
Coaster yenyewe rangi gani?