Nyota tano za futiboli ya Kimarekani: zinatimia au ni mbwembwe?

Mgosi_B11:

Wakuu, salamu kutoka Ngamiani. Baraza letu limegawanyika, na safari hii si kwa ajili ya Coastal wala African Sports. Ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu. Kule kijana wa sekondari hupewa nyota kabla hajaingia chuo, tatu, nne au tano, na vyuo vinatambiana kwa nyota vilizokusanya.

Nusu ya baraza inasema ni mbwembwe. Ushahidi wao: Josh Allen alimaliza sekondari bila chuo kikubwa hata kimoja kumtaka, akapitia Reedley, chuo cha miaka miwili, kisha Wyoming, na mwaka 2018 akachaguliwa wa 7 kwenye drafti, ile shughuli ya kila mwaka ambapo timu za NFL, ligi yao ya kulipwa, huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, ya Februari 2024 makwotabeki (warushaji mpira wanaoongoza mashambulizi) wote wawili, Patrick Mahomes na Brock Purdy, walikuwa wa nyota tatu. Purdy ndiye aliyechaguliwa wa 262, mkiani kabisa. Nusu nyingine inamtaja Jadeveon Clowney, namba moja ya vijana wa 2011 na namba moja ya drafti ya 2014, pamoja na Trevor Lawrence, aliyefanya vivyo hivyo 2018 na 2021.

Kila upande una majina na majina hayaishi. Mwenye hesabu atusaidie: aliyepewa nyota tano ana nafasi gani kweli ya kufika, na wanaopotea hupotelea wapi?

TengaLaMuheza:

Mgosi, wote wako sawa, ila wanajibu maswali mawili tofauti na hawajagundua.

Ukiwapanga wachezaji wa NFL ukawauliza walikuwa na nyota ngapi, wengi watasema tatu au pungufu. Ukigeuza swali, ukamshika kijana wa nyota tano na kuuliza ana nafasi gani ya kufika, utakuta anawazidi wenzake wote wa rika lake. Chukua machungwa ya Muheza. Una tenga dogo la machungwa 30 yaliyochaguliwa moja moja kwa mkono, na 15 ni matamu. Pembeni kuna Fuso limebeba 2,000 ya kuokoteza, na matamu ni 140. Atakayehesabu maganda ya machungwa matamu ataapa kwamba utamu umetoka kwenye Fuso. Lakini wewe ukiambiwa uchague chungwa moja, mkono utaupeleka wapi?

Sasa namba za kwao. Tovuti ya wabashiri ya 247Sports hufikisha nyota tano kwa vijana 32 hivi kila mwaka, na si kwa bahati: raundi ya kwanza ya drafti ina nafasi 32. Kwa hiyo nyota tano ni ubashiri, kwamba huyu atachaguliwa raundi ya kwanza. Wa nyota nne ni mamia kadhaa, wa nyota tatu wanapita elfu. Kwa miaka mingi karibu nusu ya nyota tano wamechaguliwa kwenye drafti, nyota nne karibu mmoja kati ya watano, na nyota tatu hafiki mmoja kati ya kumi. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, nayo inakadiria kwamba kati ya wachezaji wote wa vyuo waliofikia hatua ya kustahili drafti, wanaochaguliwa ni asilimia 1.6. Weka nusu kando ya asilimia 1.6 uone.

Ila hapo kundi la mbwembwe nalo lipewe haki yake. Ile nusu ni ya raundi yoyote kati ya saba, na ubashiri ulikuwa raundi ya kwanza. Kwa kipimo chao wenyewe, wabashiri wanakosa mara nyingi kuliko wanavyopata. Halafu mpaka wa nyota nne na tano ni mwembamba kama uzi: kwa alama za zamani za Rivals, tovuti nyingine ya wabashiri, 6.1 ilikuwa nyota tano na 6.0 nyota nne. Ukisema fulani wa 6.0 "aliibuka kutoka chini", unajidanganya.

Dada_wa_Raskazone:

Tenga nimelikubali. Kuhusu wanapopotelea, msihangaike na miaka kumi, shikeni kwotabeki wa darasa moja tu, la 2018, yaani waliomaliza sekondari mwaka huo.

Juu kabisa walikuwa Trevor Lawrence na Justin Fields. ESPN walimweka Fields mbele, wengine Lawrence. Lawrence alikwenda Clemson, akachukua nafasi ya Kelly Bryant baada ya mechi nne tu, na Januari 2019 wakaifunga Alabama 44-16 kwenye fainali ya vyuo. Drafti ya 2021, namba 1. Fields alikwenda Georgia akakuta kiti kina mwenyewe, Jake Fromm, akahamia Ohio State baada ya msimu mmoja na kuchaguliwa wa 11. Wa tatu ni JT Daniels, nyota tano vilevile. Alianza USC mwaka wake wa kwanza, lakini mechi ya kwanza ya 2019 goti likakatika, na nafasi ikachukuliwa na Kedon Slovis wa nyota tatu. Akahamia Georgia. Msimu wa 2021 akaanza yeye, akaumia tena, akaingia Stetson Bennett, kijana aliyefika pale kwa mara ya kwanza bila hata udhamini wa masomo. Bennett akatwaa ubingwa wa taifa misimu miwili mfululizo, na Daniels akaenda West Virginia, kisha Rice. Vyuo vinne, na hakuchaguliwa.

Darasa hilohilo, drafti hiyohiyo ya 2021, namba 2 alikuwa Zach Wilson wa nyota tatu na namba 3 Trey Lance aliyetoka North Dakota State, chuo ambacho wakati huo hakikucheza hata daraja la juu. Purdy naye ni wa darasa hilo.

Kwa hiyo mlango wa kwanza wa kupotelea ni jeraha, na goti likikatika ni miezi tisa hadi kumi na mbili nje. Wa pili ni msongamano. Kwa muda mrefu chuo cha daraja la juu kilikuwa na udhamini 85, wakati wanaoanza ni 11 wa kushambulia na 11 wa kulinda. Nafasi ya kwotabeki ni moja na haina zamu: beki wa akiba ataingia hata mara 20 kwenye mechi, kwotabeki wa akiba anashika kofia. Wa tatu ni kocha kuondoka, maana anayekuja huja na mfumo wake na mara nyingi na vijana wake.

Na angalieni jambo moja kuhusu Georgia ya Bennett. Walinzi wao watano walichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya 2022, na Travon Walker alikuwa namba 1. Chuo kinanunua tenga zima. Chungwa moja likioza, chuo hakifi njaa. Anayebeba hatari yote ni kijana mwenyewe.

MkongeHalisi:

Mmekaa sana kwenye kwotabeki kwa sababu ndio mnaowaona kwenye runinga. Nyota hazina uzito sawa kwa kila nafasi.

Zinaaminika zaidi pale ambapo mwili wenyewe ndio kazi: walinzi wa mstari wa mbele wanaomkimbilia kwotabeki, mabeki wa pembeni, wapokeaji wenye mbio. Mbio za kijana wa miaka 17 hazipotei akifika 20. Clowney ni wa kundi hili, Myles Garrett pia: nyota tano mwaka 2014, namba 1 ya drafti 2017. Hata hapa kuna mitelezo. Robert Nkemdiche alikuwa namba moja wa vijana wa 2013 na kwenye drafti ya 2016 akasubiri hadi namba 29.

Zinaaminika kidogo kwa wale wanene wanaomlinda kwotabeki. Sekondari anaweza kuwa na kilo 120, NFL wanamtaka karibu na 140 huku miguu ikiwa myepesi. Skauti inabidi akisie kilo 20 ambazo bado hazijaliwa! Wengi wa hawa hukomaa mwaka wa tatu au wa nne, wengine walikuja chuoni wakicheza nafasi nyingine kabisa. J.J. Watt, ingawa si wa kundi hilo, alianza Central Michigan akiwa mpokeaji wa nyota mbili, akahamia Wisconsin bila udhamini, wakamgeuza mlinzi, na 2011 akachaguliwa wa 11.

Kuna kosa jingine la maskauti, la waliokomaa mapema. Kijana mwenye ndevu na mabega akiwa na miaka 15 anawasukuma wenzake bila kujifunza kutumia mikono wala kushusha kiuno. Akifika chuo anakutana na watu wa kilo zake, na mbinu hana. Huku kwetu tunalijua jambo hili, tusijifanye wageni: kwenye mashindano ya U-17 kuna mtu anang'aa kwa sababu ya mwili, na miaka minne baadaye humsikii.

Wapiga mateke wasahauni. Ni nadra wapite nyota tatu hata wawe hodari vipi.

Mgosi_B11:

Nimenyamaza nasoma. Sasa baraza linataka tuhesabu wenyewe, kijana mmoja ana kompyuta. Tuanzie wapi ili tusije tukachekwa?

Safu_na_Nguzo:

Chagueni darasa lililokwisha. Mchezaji haruhusiwi drafti hadi ipite miaka mitatu tangu darasa lake limalize sekondari, wa madarasa kama la 2018 alikuwa na miaka mitano ya kucheza misimu minne, na waliokuwepo 2020 waliongezewa msimu kwa sababu ya korona. Xavier Thomas, nyota tano wa 2018, alichaguliwa 2024, raundi ya tano. Kwa hiyo darasa la 2018 lisingeweza kufungwa kabla ya hapo. Mkihesabu darasa la miaka mitatu iliyopita mtawahukumu watu ambao bado wako darasani.

Tumieni orodha ya mwisho, ile ya baada ya mechi za maonyesho za Januari, na iwe ya mseto inayounganisha alama za kampuni zote. Orodha ya mwaka mmoja kabla huwa na nyota tano wachache, wengine huongezwa mwishoni. Na wabashiri nao wana tabia ya kumpandisha kijana baada ya chuo kikubwa kumtaka, kwa hiyo nyota zenyewe zimebeba pia maoni ya makocha.

Safu zenu ziwe: jina, sekondari, nafasi, nyota, alama, chuo cha kwanza, chuo cha mwisho, mechi alizoanza, mwaka wa drafti, raundi, namba. Sekondari msiiache. Kulikuwa na Josh Allen wawili: kwotabeki wa Wyoming, namba 7 mwaka 2018, na mlinzi wa Kentucky, namba 7 mwaka 2019. Ndiyo, wote wa 7. Kompyuta itawaunganisha bila haya.

Kosa linaloharibu kazi za wengi liko kwenye wasiochaguliwa. Ukiacha seli tupu, kanuni ya wastani ya Excel inairuka, na unachopata ni wastani wa waliofaulu tu. Nyota tatu wataonekana karibu sawa na nyota tano, kumbe umewafuta mamia walioishia njiani. Andikeni 0 kwenye safu ya "alichaguliwa" na 1 kwa aliyechaguliwa, kisha tafuteni asilimia ya kila kundi la nyota. Wastani wa namba za drafti uacheni kabisa. Wanaosaini bila kuchaguliwa wapeni safu yao.

Waliohama waandikwe mara moja tu, kwa darasa la sekondari. Tangu 2018 kuna mlango rasmi wa uhamisho, na tangu 2021 anayehama mara ya kwanza anacheza papo hapo bila kukaa nje mwaka. Vyuo viwili vitamdai mtu mmoja. Waliopitia vyuo vya miaka miwili hupewa nyota upya, nao wataingia mara mbili msipoangalia. Na kuna wanaomaliza sekondari mapema: huyo JT Daniels alikuwa wa darasa la 2019 akajisogeza 2018, mnaweza kumkuta kwenye orodha mbili.

TengaLaMuheza:

Nyongeza moja. Kabla ya kufungua kompyuta, andikeni kwenye karatasi "kufika" ni nini: kuchaguliwa, raundi ya kwanza, au mkataba wa pili. Amon-Ra St. Brown, nyota tano wa 2018, alichaguliwa wa 112, raundi ya nne, na akawa mmoja wa wapokeaji bora wa ligi. Kwa kipimo cha raundi ya kwanza amefeli. Hasheem Thabeet wetu, kwenye kikapu, alichaguliwa wa 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Kwa kipimo cha drafti amewapita wote wawili.

Mgosi_B11:

Mkataba wa pili tutautoa wapi? Orodha za drafti hazina.

Safu_na_Nguzo:

Angalieni misimu. Mkataba wa mchezaji mpya aliyechaguliwa ni wa miaka minne, wa raundi ya kwanza timu inaweza kuongeza wa tano. Aliyecheza msimu wa sita, mahali fulani alisaini tena. Hesabuni misimu yenye mechi angalau moja, inatosha.