"Ndugu" lilimpishaje "Mheshimiwa"?

Mpekuzi wa Nyaraka:
Ndugu wanajukwaa, katika kasha la marehemu baba nimekuta nakala ya barua aliyomwandikia katibu wa tawi la TANU mwaka 1974, inayoanza kwa "Ndugu Katibu" na kuishia kwa "Wako katika ujenzi wa Taifa". Juzi nilimpelekea diwani wetu barua yenye mwanzo kama huo; karani akanirudishia, akaniagiza niandike "Mheshimiwa". Je, kilichobadilika ni lugha tu, au ni namna tunavyomtazama kiongozi?

Mwalimu Mstaafu:
Ilitangulia siasa, lugha ikafuata. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa na kuwawekea viongozi masharti, "ndugu", neno la damu na la nyumbani, lilienea ofisini na mikutanoni, likawa la Rais na la mkulima kwa pamoja, kama ilivyosema ahadi ya mwanachama wa TANU kwamba binadamu wote ni ndugu zake. Ndipo pia "kupe" akaacha kuwa mdudu wa ng'ombe tu, na "mrija" ukaacha kuwa wa pombe tu. Vyote vikamsema mnyonyaji. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti ya uongozi, na vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992, "ndugu" lilibaki zaidi katika vikao vya CCM, chama kilichoirithi TANU. Naona tumepata hasara, maana ni vigumu kumdai hesabu mtu uliyeanza kwa kumwinamia.

Mwana wa Tanga:
Mwalimu, shikamoo. Kuhusu ofisini nakubali, lakini mila hazikulipokea neno hilo moja kwa moja. Kwetu sikumsikia kijana akimwita mtu wa rika la babu yake "ndugu"; alianza kwa shikamoo, kisha "mzee", na mwenye elimu ya dini alikuwa sheikh au maalimu. Hata Nyerere, jina lililomganda ni Mwalimu, kwa kazi aliyoifanya darasani kabla ya siasa.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Hapo umenisahihisha vizuri. Ila "mzee" na "maalimu" mtu huitwa na wanaomjua, kwa umri wake na elimu yake, ilhali "mheshimiwa" huja na kiti, na siku kiti kinapoondoka, huondoka nacho.

Mpekuzi wa Nyaraka:
Nawashukuru wote wawili. Barua nimeipeleka upya, ikianza kwa "Ndugu Diwani", nikaambatisha na nakala ya ile ya baba.