Heidegger na msiba wa Nkuhungu: kifo kinatoa maana au kinaondoa?

MchumaZabibu: Wakuu habari zenu, mi nipo Dom, juzi tulikuwa na msiba hapa Nkuhungu, tumekaa chini ya turubai ni "sote njia moja", "kazi ya Mungu haina makosa", haijapita hata dakika mtu anauliza viwanja vya Nala siku hizi bei gani. Dogo wa UDOM akaninong'oneza eti Heidegger, yule mwanafalsafa wa Ujerumani, alisema kifo ndo kinayapa maisha maana. Kweli? Mi naona kinaifuta.

Kijiweni_Sabasaba: Dogo kasema nusu. Heidegger kwenye kitabu chake cha 1927 anasema kifo ni cha kwako mwenyewe, mtu anaweza kukulipia kodi, kukusimamia kesi, hata kufa badala yako leo, ila zamu yako iko palepale. Na hiyo "sote njia moja" ndo aliyokuwa anaikosoa, watu wanakufa, yani watu, siyo mimi na siyo leo. Ukikubali ni wewe na saa huijui ndo unaacha kuishi kwa kufuata mkumbo.

Mtemi_wa_Area_A: Mleta mada uko upande wa Sartre, mwanafalsafa Mfaransa, bila kujua. Mwaka 1943 alimpinga Heidegger waziwazi, kifo kinakuvamia kutoka nje, kinakukuta na mambo yako hujamaliza, maana kitaleta wapi? Tena ukishakufa wanaobaki ndo wanaamua ulikuwa nani. We sikiliza wasifu wa marehemu msibani, mlevi anageuka mcha Mungu na yeye yupo kwenye jeneza hawezi kubisha 😂

mama_wawili: Jamani mbona mnakimbilia Ulaya tu, Kezilahabi kayahangaikia haya haya kwenye riwaya yake Kichwamaji, 1974 hiyo, Kiswahili kitupu.
Halafu hao wote wanaongelea mtu na kifo chake. Mi baba alipofariki, vijana wanahangaika na sururu kwenye udongo wa kiangazi, wamama jikoni, mjomba na daftari la rambirambi, kilichonigeuza ni kifo cha yeye, changu wala sikukiwaza. Levinas, naye mwanafalsafa wa Ufaransa, alimbana Heidegger hapo hapo, kifo cha mwenzio ndo kinakudai kwanza.

MchumaZabibu: Asante dada, pole kwa mzee. Mtemi umenichoma, wasifu wa juzi nimeusoma mimi na kuna mistari familia walisema niiruke. Hicho Kichwamaji hapa Dom nakipata wapi?