Mkrismasi wa miaka 4 haujachanua, na mzizi umepasua kibaraza

Swali
Habari zenu, ndugu. Nina mkrismasi nilioupanda kwa mbegu miaka 4 iliyopita ili nipate kivuli mbele ya nyumba. Umeshapita paa na majani yake yamekolea kijani, lakini haujatoa hata ua moja, ingawa kila msimu wa mvua nauwekea ndoo 2 za samadi na kiangazi naumwagilia kila jioni. Uko mita 3 kutoka ukutani. Juzi niliona saruji ya kibaraza imefanya ufa unaopitisha kidole, na chini yake pana mzizi mnene kama kifundo cha mkono wangu. Je, niukate mzizi huo? Na nifanyeje ili mti uchanue?

Jibu la 1
Kuhusu maua, mti wako hauna ugonjwa wowote. Mkrismasi uliooteshwa kwa mbegu kwa kawaida huchukua miaka 5 hadi 10 kabla ya kuchanua, na wewe unauchelewesha zaidi kwa ukarimu wako, kwa sababu samadi nyingi ina naitrojeni inayosukuma majani na matawi badala ya maua. Asili yake ni misitu mikavu ya Madagaska, ambako kiangazi ni kirefu. Hupukutisha majani, kisha huchanua. Acha samadi, punguza maji wakati wa kiangazi, na usishtuke ukiuona umebaki matawi matupu.

Jibu la 2
Mwenzangu amejibu vizuri upande wa maua, ila mimi naona tatizo kubwa ni zile mita 3. Mizizi ya mkrismasi hutambaa karibu na uso wa ardhi na kwenda mbali, na ndiyo inayoushikilia mti. Ukikata mzizi mnene ulio karibu na shina, upande huo unabaki bila nanga, na upepo mkali unaweza kuung'oa mti mzima. Ukiamua kuubakiza, bomoa saruji iliyo juu ya mzizi na utandaze kokoto mahali pake. Ungekuwa wangu, ningeukata sasa ungali mdogo na kuotesha mwingine mita 10 kutoka kwenye nyumba. Ganda la mbegu ni gumu mno, kwa hiyo likwaruze kwa tupa hadi uone weupe, kisha uiloweke usiku kucha.

Muuliza swali
Ahsanteni. Moyo hauniruhusu kuukata. Nitabomoa saruji. Je, kuupogoa kutapunguza hatari?

Jibu la 2
Kutasaidia, mradi usiukate kichwa, kwani machipukizi yanayofuata hushikamana vibaya na shina. Mbao zake ni dhaifu, hivyo tafuta kwanza panda zilizobanana kama herufi V, maana ndizo hupasuka. Tawi zito lianzie kwa chini, msumeno uingie kidogo, ndipo umalizie kwa juu, la sivyo litachuna gome la shina likianguka. Usikate ule uvimbe uliopo pale tawi linapoungana na shina, kwa kuwa ndiko kidonda kinakofungia.

Muuliza swali
Nimetoka kuutazama. Panda ya namna hiyo ipo moja, nayo imeelekea juu ya paa. Nitaanza na hiyo.